Mikato Niliyoikuta Chini ya Filamu

Karakana ya Baba,
Chumba cha nyuma,
Jumapili, tarehe 8.

Mpendwa Kaka,

Habari za siku nyingi? Natumaini barua hii inakukuta mzima, wewe na wifi yangu na watoto. Yule mdogo kikohozi kimemwacha? Mama anakiulizia kila asubuhi kana kwamba mtoto yuko chumba cha pili. Na mkubwa bado anauliza maswali mpaka watu wanahama sebuleni? Mwambie shangazi yake anayakosa maswali yale.

Huku sisi wazima. Mguu wa mama unamsumbua kukiwa na baridi tu, na hata hapo huusingizia zaidi akitaka kuletewa kitu. Dada amenenepa na hataki kuambiwa. Baba macho yanazidi kumpungukia, lakini ukimwambia avae miwani anakujibu kwamba miwani ni ya kusomea, si ya kufanyia kazi. Mimi afya ninayo. Usingizi ndio sina.

Utashangaa kuletewa barua ya karatasi wakati simu zipo. Simu yako, Kaka, hupokelewa na nyumba nzima. Ukipiga tu, baba anaweka sauti ya juu, dada anasogeza kiti, mumewe shemeji anapunguza redio, na mimi napata nafasi ya kusema "salama" kisha nampisha mwingine. Haya ninayotaka kukwambia si ya kusikilizwa na watu wanaokunywa chai. Jirani yetu anasafiri kuja huko Alhamisi, nami nimemwomba akukabidhi mkononi.

Nianze na kazi. Mwaka huu karakana imejaa magari ya kubandua. Yale uliyoyavalisha filamu, ile plastiki angavu ya kulinda rangi, miaka sita iliyopita, filamu zake zimefika mwisho. Zimekuwa za njano, kona zimenyanyuka na kushika uchafu, na wenyewe wanayaleta tuzitoe tuweke mpya. Shemeji hapendi kubandua, anasema inamuumiza kucha, kwa hiyo naifanya mimi. Napasha moto polepole, navuta kwa kulaza, na gundi ikigoma narudi nyuma na kupasha tena. Ulinifundisha wewe, na ulinifundisha vizuri.

Kazi yangu nyingine ni kutibu makosa ya shemeji. Kaka, yule bwana anapenda haraka! Akimaliza boneti, utadhani imepata tetekuwanga. Viputo vya maji naviacha, vinakauka vyenyewe baada ya siku chache, ila vya hewa lazima nivitoboe kwa sindano na kuvikamua. Akifungia unywele au vumbi ndani, nanyanyua filamu kabla gundi haijashika, napulizia maji ya sabuni na kuilaza upya. Kona zikigoma kulala nazifuta kwa spiriti, nazipasha moto, nazishikilia kwa kidole gumba mpaka zikubali. Wateja wameniita Daktari wa Malengelenge. Jina zuri, nalipenda. Lakini daktari huyu haruhusiwi kushika kisu, na sababu unaijua.

Acha nikukumbushe siku ya gari la hakimu, maana huenda wewe umeisahau. Mimi sikujaliwa kuisahau. Nilikuwa nimerudi kazini wiki moja tu, baada ya ile miezi miwili ya kumuuguza mama alipovunjika mguu. Tulilaza boneti pamoja, mimi na wewe, bega kwa bega. Ukafika wakati wa kukata ziada inayobaki pembeni ya taa za mbele. Tulibadilishana pande mara mbili tatu, wewe ukinirekebisha mkono. Hakimu akaingia kabla hatujamaliza, akainama kwenye taa ya kushoto, akauona mkato uliopita filamu na kuingia kwenye rangi, mrefu kama kidole. Akauliza nani amekata hapa.

Wewe ukajibu kabla sijafungua mdomo. Ulisema, "Mdogo wangu bado anajifunza, mheshimiwa. Tusamehe."

Baba alikuwa amesimama pale pale. Nilimwomba hakimu msamaha mbele ya wateja watatu, nikamwomba na baba. Sikukubishia kwa sababu niliamini. Nilijiambia labda kweli ni mimi, labda mkono uliniponyoka na sikusikia. Baba akachukua kisu changu akakifungia kabatini, na jioni ukanifuata uani na soda mbili, ukaniambia nisijali, hata wewe ulianza hivyo hivyo. Kaka, nilikushukuru. Nililia nikakushukuru kwa soda ile.

Miaka sita sijakata. Nimejifunza kutumia ile tepu yenye uzi ndani, unayoibandika chini ya filamu kisha ukivuta uzi filamu inakatika bila chuma kugusa rangi. Nimekuwa hodari kwayo mpaka mafundi wa mtaa wa pili wanakuja kunitazama. Kwa baba mimi bado ni yule aliyeharibu gari la hakimu.

Sasa sikiliza. Miezi mitatu iliyopita lilikuja gari jeupe la mwenye duka la dawa. Nilipofika kwenye taa ya kushoto na kuvuta filamu, kidole changu kikakwama. Kulikuwa na mkato, mrefu kama kidole, umepinda mwishoni kuelekea boneti. Na ndani yake kulikuwa na rangi nyeupe ya kuzibia mikwaruzo, imepakwa kwa brashi ndogo. Rangi ile isingeweza kuingia chini ya filamu yenyewe. Aliyekata aliuona mkato, akanyanyua ukingo, akapaka, akarudisha filamu juu na kuikamua kama hakuna lililotokea.

Gari lile ulilivalisha peke yako, wakati mimi niko hospitali na mama.

Nitakwambia nilichofanya, na sijivunii. Niliutengeneza mkato ule kimya kimya, nikapiga polishi mpaka pakawa kama kioo, na mteja akaondoka akinisifu. Nilijiambia kila fundi huteleza mara moja. Kaka yangu hawezi kunisingizia.

Mwezi uliofuata likaja gari la kijivu la mshona nguo. Taa ya kushoto, mkato ule ule, pindo lile lile, rangi ya kijivu ndani. Kisha gari jeusi la yule mama mwenye shule ya udereva. Hilo hata sikuhitaji kulitazama. Nilipitisha ukucha nikausikia, nikakaa chini sakafuni penye maji. Dada alidhani nimepatwa na kizunguzungu, akaniletea maji ya sukari. Tarehe za yote matatu zimo kwenye daftari la karakana, kwa mwandiko wako, na zote ni za miezi ile miwili.

Kwa hiyo ulijua, Kaka. Kabla hakimu hajaingia mlangoni ulikwisha kujua mkono wako ni mzito upande ule, na ulikwisha kuzoea kuficha. Siku ile hukupata nafasi ya kupaka rangi, basi ukanipaka mimi matope. Nimetafuta namna nyingine ya kuyaeleza haya, kila siku, wakati naosha magari. Sijaipata. Ulinitoa kafara mbele ya baba yangu.

Hata hivyo nilikuwa nimeamua kunyamaza. Wallahi nilikuwa nimeamua. Nilisema uko mbali, una watoto, yaliyopita yamepita. Halafu baba akatangaza kwamba mwisho wa mwezi huu anapumzika, na kwamba karakana ataikabidhi ama kwangu ama kwa shemeji, na kwamba kwanza atakuuliza wewe. Moyo ukanidunda kwa furaha, mpumbavu mimi. Nilidhani utaniokoa.

Ujumbe wako wa sauti tuliusikiliza wote mezani. Ulianza kwa kunisifu: nina moyo, nina subira, wateja wananipenda. Nikakenua. Kisha ukasema, "Ila mkono wake mzito kwenye kisu, baba. Tusisahau gari la hakimu. Mpe shemeji, mdogo wangu amsaidie." Dada alitazama sahani yake. Mama alikohoa na hakuwa na kikohozi. Shemeji, maskini, aliona haya kuliko mimi. Baba akaurudia ujumbe kuanzia mwanzo, na nikausikiliza mara ya pili nikiwa bado nimeshika kijiko.

Lile la kwanza lilikuwa hofu, ningeweza kulisamehe. Mtu akibanwa hutamka lolote. Lakini hili la pili hukubanwa na mtu. Ulikaa kwako, umetulia, ukabonyeza simu na kunisingizia upya kwa sauti ya mapenzi. Umenisaliti, Kaka. Nimeliandika neno hili mara tatu kwenye karatasi nyingine nikalichana, na bado ndilo lenyewe.

Sikuombi unipendekeze. Kama baba anamtaka shemeji, ampe, nami nitajua la kufanya na mikono yangu. Ninachotaka ni baba ajue mkono gani ulikata.

Sasa nikufikishie habari iliyonifanya nishike kalamu leo. Ijumaa baba alituita akasema kazi yake ya mwisho kabla ya kukabidhi funguo ataifanya peke yake. Atabandua filamu ya gari lake mwenyewe. Lile ulilolivalisha wiki moja kabla hujasafiri, ukafunga geti siku mbili nzima ukakataa msaada wa mtu, kisha ukampa baba kama zawadi ya kuagana. Analipenda gari lile kwa sababu yako. Haruhusu tuliguse hata kwa kitambaa kikavu. Analiosha mwenyewe, na wageni huwaonyesha boneti kwanza, nyumba baadaye. Ametenga Jumamosi ya mwisho wa mwezi. Ameshanunua na spiriti.

Huenda hakuna kitu. Huenda siku ile mkono wako ulitulia, nami naomba Mungu iwe hivyo, kwa ajili yake. Wewe ndiye unayejua.

Nilifikiria kuamka mapema siku moja ninyanyue kona ya taa ya kushoto, nitazame, na kama pana kitu nikitengeneze asikione. Naweza, tena kwa robo saa. Nimekufanyia hivyo mara tatu. Kwenye gari la baba sifanyi.

Macho yake hayaoni vizuri, lakini ukucha wake bado unasikia kila kitu. Ana kidole cha miaka arobaini ya rangi. Akifika pale atasimama, atapitisha tena, kisha atauliza nani amekata hapa. Na safari hii, Kaka, mimi sikuwepo, wala hakuna mwingine aliyekuwepo. Mwambie wewe kabla hajauliza.

Nisalimie sana wifi. Kitambaa alichonitumia nimekishona gauni na limenikaa. Wabusu watoto wote wawili, na usiwaambie lolote la barua hii. Mama anakusalimu, dada na shemeji wanakusalimu. Baba hajui kama naandika, lakini najua angekusalimu kabla ya wote.

Mungu akulinde huko uliko, akupe kazi njema na usingizi mzuri, na akutie nguvu ya jambo hili.

Ni mimi mdogo wako, nikupendaye hata leo, na ndiyo maana linauma hivi.

Daktari wa Malengelenge