Mlango wa Chumba cha Kutengwa

3 Machi

Kaka mpendwa,

Shikamoo. Natumaini u mzima na mgongo umepunguza kukusumbua. Mimi sijambo, ila tangu jana sikai kitako kwa furaha. Kaka, sheria imepita! Hakuna tena mgonjwa wa akili kufungiwa peke yake kama adhabu, au eti kwa sababu wauguzi ni wachache. Ikibidi atengwe, daktari lazima amwone ndani ya saa moja na kutia saini, muuguzi amtazame kila robo saa na kuandika alichokiona, ndugu zake waarifiwe siku hiyohiyo. Akionewa, kuna kamati ya kumsikiliza. Na nani kapewa kazi ya kuweka wodi yetu sawa kabla kamati haijaja kukagua tarehe 28? Ni mimi.

Mlango wa chumba cha kutengwa tumeshautoboa tundu la kuchungulia, usawa wa macho yangu. Wewe ulikaa mle siku nne, miaka kumi na moja iliyopita, huku mama akiambiwa umepumzika. Niambie kama kuna tulichosahau.

Mdogo wako

10 Machi

Chiriku wangu,

Marahaba. Mgongo uko palepale, na karakana imejaa vitanda vya watu wasio na subira. Barua yako nimeisoma nimesimama, randa mkononi. Hongera sana, ila usije ukapasuka.

Tundu lenu ni kazi bure. Mimi nilikaa sakafuni, mgongo nimeuegemeza mlangoni, maana hapo ndipo niliposikia hatua za watu. Wenzako walichungulia kwa upenyo uliokuwa juu ya mlango, macho yakapita juu ya kichwa changu, wakaona godoro na ukuta, wakaandika "ametulia." Siku nne hakuna aliyeniona, na bado linaniuma.

Mlango huo unataka kioo kisichovunjika, kirefu, kishuke hadi karibu na sakafu, na kifuniko kwa nje ili wapita njia wasimgeuze mtu sinema. Mtafute seremala wa huko. Mimi huko siji.

Kaka yako

16 Machi

Kaka, shikamoo.

Leo salamu nazikata, unisamehe. Jana niliingia mle kwa siri, nikakaa ulipokaa. Muuguzi mwenzangu akamtuma msaidizi wa wodi achungulie na kujaza fomu. Alijaza: "Amelala, ametulia." Nami nilikuwa nampungia mkono! Nikacheka mpaka machozi, kisha nikalia kweli, maana maneno hayo nimewahi kuyaandika mimi pia, juu ya watu wengine.

Nikamwita mganga mkuu achungulie mwenyewe, nami nikarudi ndani kukaa palepale. "Simwoni mtu," akasema, nami niko miguuni pake. Papo hapo akakubali mlango mpya. Lakini seremala wa huku hajui mtu aliye ndani anakaa wapi. Wewe unajua. Vipimo nimeviweka humu. Siku zimebaki kumi na mbili. Njoo, kaka, tafadhali.

Mdogo wako

30 Machi

Mdogo wangu,

Nimerudi salama, na nyumbani wote wazima. Uliniuliza kwa nini sikukujibu. Ningejibu, ningekataa. Kwa hiyo nikauunda mlango, nikaupakia garini, nikaja kabla moyo haujageuka. Pale wodini miguu iligoma. Uliniona nikijifanya nakagua bawaba.

Kamati ilipouliza nani ataujaribu, nilishangaa kusikia sauti yangu mwenyewe. Nikataka robo saa, na fomu ujaze wewe. Nikakaa chini, mgongo mlangoni. Nikageuka. Ulikuwa umepiga magoti upande wa pili wa kioo, kofia imekukaa upande, umenikodolea macho kama mtu anayehesabu pumzi zangu.

Sasa kamati imeagiza wodi zote ziwe na milango ya namna hiyo, na kazi nimepewa mimi. Tangu nirudi naimba karakanani, na majirani wameanza kulalamika. Nakala ya fomu yako nimeipigilia ukutani mbele ya meza ya kazi. Wateja wanaisoma, hawaelewi, nami siwaelezi:

"Saa nne na robo. Amekaa sakafuni, ameegemea mlango. Analia. Ameomba maji. Nimempa."

Kaka yako