Raba za Injini Ulizotuma Kutoka Jeddah

Kaka yangu Wekesa,

Barua hii siianzi kwa kukuuliza hali. Kama u mzima, wajua kwa nini nina hasira. Kama u mgonjwa, waliokuficha wakuuguze.

Unalikumbuka lile gari la jeshi la bosi kule Riyadh? Lile lenye kioo cha mbele cha kulaza, alilorithi kwa baba yake. Wenzetu waliletwa Saudia kuendesha familia sokoni na kulinda mageti. Sisi wawili tukapewa kufufua chuma. Nilijiona mwenye bahati. Gereji ilikuwa na kivuli, na ndugu yangu yuko upande wa pili wa boneti, ananitania kwamba nashika spana kama mwiko wa ugali. Tena bosi alikuwa ameahidi: gari likitembea, atatupa pasipoti zetu na ruhusa, twende nyumbani tukamwone mama, ambaye miguu ilikuwa imeshaanza kuvimba.

Kilichotushinda ni mauntini, zile raba zenye bamba la chuma zinazobeba injini. Za gari lile zilikuwa zimeoza. Ukasema tufanye kama nyumbani: tukate tairi la lori, tutoboe, tukaze bolti.

"Kwani Bungoma magari mangapi yanatembea hivi?" uliniuliza.

Kweli yanatembea. Lakini joto la Riyadh si la Bungoma. Siku tulipowasha mbele ya bosi, raba zetu zikalegea, injini ikalala upande, feni ikala rejeta, maji yakaruka hadi kwenye kanzu yake nyeupe. Wewe ulikuwa unauma midomo usicheke.

"Mafi kazi ya Kenya hapa!" bosi akafoka, mafi yake ileile ya kukataa kila kitu. "Nataka asli!"

Asli, yaani raba halisi za gari lile, tukaambiwa, huenda ikapatikana Jeddah kwa wauza vyuma chakavu. Bosi hakutaka kukuachia uende. Alishika ikama yako, kile kibali cha kuishi Saudia, akiigeuzageuza mkononi. Ni mimi niliyesema, "Bosi, huyu ni ndugu yangu wa tumbo moja. Asiporudi, nishike mimi." Ukachukua mauntini moja mbovu iwe sampuli, ukaifunga kwenye fulana yako, ukapanda basi.

Ulinipigia simu kutoka duka moja mtaa wa Sharafiya, kelele tele nyuma yako.

"Mdogo wangu, huku hata hewa ni tofauti. Raba nimeziona kwa mzee mmoja Msudani, matundu yanalingana kabisa. Alhamisi niko nawe, mwambie bosi."

Ulisikika mwenye furaha, nami nikafurahi, mjinga mimi.

Alhamisi likaja boksi. Dereva wa lori alilishusha getini akaondoka. Ndani mlikuwa na mauntini kamili, zimeviringishwa kwenye fulana yako, na simu yako haikupatikana tena. Baadaye nilisikia uko mtaa wa Bani Malik, hukohuko Jeddah, unatengeneza magari ya watu bila karatasi, huna bosi wala wa kukuamuru.

Unajua nilichofanya siku ile? Nilizishika zile raba nikamwomba Mungu zisiingie. Matundu yapishane kidogo tu, hata kwa upana wa kucha, ili bosi anitume mimi Jeddah kuzirudisha, nikakutafute mtaa kwa mtaa. Zikaingia. Bolti zilipita bila hata kugongwa. Injini ikanguruma, na kikombe cha chai alichokiweka bosi juu ya madigadi hakikumwaga tone. Maisha yako yote umefanya kazi za kubahatisha, Wekesa, na siku niliyotaka ukosee ndiyo siku uliyopatia.

Bosi alipiga picha na gari lake. Alipomaliza, nikamkumbusha ahadi.

"Kaka yako mafi," akasema. "Wewe mafi safari. Halas."

Nishike mimi, nilisema mwenyewe. Kikulacho ki nguoni mwako, na changu tulinyonya titi moja.

Mama naye kila nikipiga simu aliuliza, "Mwenzako yuko wapi?" Sikuweza kumwambia kwamba umetuacha. Nilimwambia uko Jeddah, unatafuta kipuri, ukikipata tutakuja pamoja.

"Basi msimharakishe," alinijibu. "Vitu vya zamani ni shida kupata."

Wakati akisema hayo, bosi alikuwa akilizungusha gari lake mtaani kila Ijumaa, watoto wake wamesimama nyuma wakipunga mikono. Mimi ndiye niliyelifuta vumbi.

Mama amezikwa bila sisi. Nililia gerejini, nimeegemea gari lilelile, na sitakusamehe leo wala sijui lini. Shangazi anasema hadi siku za mwisho, mama alipomaliza kusali, aliongeza jina lako. Alikuombea ukipate kile kipuri.

Kaa na hewa yako ya Jeddah.

Mdogo wako uliyemwacha rehani,
Barasa