Kwa Baba, na kwa Binti Aliyepiga Simu Mara Nne

Mwaka umekatika, Baba, tangu Jumamosi ile ulipotoka asubuhi ukamwambia Mama asikuwekee chakula kingi, kwamba ungerudi saa saba. Hukurudi saa saba, wala saa nyingine yoyote.

Chuoni walikuita Mzee Wasifu. Ulikuwa na chumba kimoja mwisho wa korido, jirani na stoo ya mifagio, na mlangoni kibao cha Huduma za Ajira kwa Wanafunzi. Ndani palikuwa na meza, viti vitatu, pasi, na mashati meupe matano ya kuazimwa na wanaokwenda kwenye usaili, maana hukutaka mtoto wa watu akose kazi kwa sababu ya kola. Mashati hayo niliyashona mimi. Uliniagiza niyaache marefu kidogo mikononi, kwa kuwa mkono mrefu hukunjwa, lakini mfupi hauna dawa.

Maneno yako yalikuwa makali. Mwanafunzi akijiandika kuwa mchapakazi, mwaminifu na mwenye ari, ulimuuliza, "Nani kakwambia? Andika ulichofanya, sifa waachie majirani." Kaka alipoomba udereva ulimrudishia barua yake mara nne, akanuna wiki nzima. Kazi aliipata. Anasema nikuandikie hapa kwamba anashukuru, maana hakuwahi kukwambia.

Na sisi wa nyumbani ulitufanya wafanyakazi wako bila barua ya ajira. Mwanafunzi aliyeogopa usaili wa simu ulimkalisha kwenye simu ya ofisini, akapiga nyumbani, nasi tukapokea kama mabosi. Kwa kuwa mimi hushonea nyumbani, nyingi zilikuwa zangu. Nilikuwa bosi mbaya na nililifurahia hilo. "Jitambulishe. Sema shida yako. Sina siku nzima." Ulinipa sharti moja tu: mtu akibabaika, nimwambie akate simu, anywe maji, apige tena baada ya dakika tano. Kabla ya hapo nisipokee. Haraka haraka haina baraka, ulisema, na aliyejua kutulia mara moja atajua tena mbele ya mwajiri.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo wengine katika familia watalisoma hapa gazetini kwa mara ya kwanza. Mama nilimwambia juzi.

Jumamosi ile, saa sita kasorobo, iliingia namba ya ofisini. Nilikuwa napinda sketi ya sare, pini mdomoni. Binti mmoja akasema, "Samahani, naomba... Mzee amesema nipige... yaani, naomba..." Sauti ilimtetemeka, kama walivyotetemeka wote. Nikatoa pini, nikasema kwa sauti ya ubosi, "Dada, hujajitambulisha. Kata simu, kunywa maji, piga tena baada ya dakika tano." Nikakata mimi. Nilicheka, Baba.

Alipiga tena papo hapo. Nikaona namba ile ile, nikaiacha iite mpaka ikanyamaza. Akapiga mara ya tatu. Nikajisemea kwamba huyu hana subira, kazi ataisikia kwa wenzake. Nikamaliza upindo.

Dakika tano zilipotimia akapiga mara ya nne, nikapokea. Hakubabaika hata neno moja. Alitaja jina lake, akasema ni mwanafunzi wa mwaka wa pili, anapiga kutoka ofisini kwako, umeanguka, unapumua kwa shida, chuo kimefungwa na umemwambia aombe gari nyumbani. Alisema vizuri kama ulivyomfundisha. Kaka alitoka mbio na gari. Ulikata roho kabla hamjafika hospitali.

Daktari aliniambia kwamba labda dakika tano zile zisingebadilisha kitu. Nimelala na kuamka na hilo "labda" mwaka mzima.

Msibani, mdogo wako, aliyesikia kwamba ulianguka dakika kadhaa kabla Kaka hajaitwa, alimwona yule binti kwenye mkeka, akamuuliza mbele za watu, "Mwanangu, ulikuwa unangoja nini? Kutoka kwetu mpaka chuoni ni dakika tatu kwa gari." Binti aliniangalia. Nilikuwa nimebeba sinia la vikombe. Alijua sauti yangu, nina hakika, maana nilikuwa nimetoka kumpa pole. Akainamisha kichwa, akasema, "Nisameheni, baba." Mimi nikapita na vikombe vyangu, nikagawa chai.

Neno lile lilimfuata mpaka chuoni. Wenzake wakamwita aliyemchelewesha Mzee. Usaili uliokuwa unamwandalia hakwenda. Nilijua haya yote, nikaendelea kushona.

Nilipomweleza Mama alinisikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Siku ya kufa nyani, miti yote huteleza." Nikadhani amenisamehe. Kisha akasema, "Lakini mtoto wa watu umemwacha ateleze peke yake."

Kwa hiyo, Baba Mdogo, aliyekuwa anangoja ni mimi. Nawe binti, kama unasoma, sikuombi unijibu. Jana nimekwenda chuoni na kumweleza mkuu wa chuo maneno haya haya, na wenzako watayasoma hapa. Nimechelewa mwaka mzima, na najua hakuna aliyenilazimisha.

Baba, wewe sijui nikuombe vipi. Ungeniambia niache sifa na visingizio, niandike nilichofanya. Nimekiandika.

Tutakukumbuka siku zote za maisha yetu: mkeo, ambaye bado anaweka sahani yako, mwanao mkubwa dereva, mdogo wako, kitindamimba wako fundi cherehani, ambaye hakupokea simu, na binti wa mwaka wa pili, ambaye hakuchelewa.