Nimeshika Tena Mwiko, Baba Mado

Mpendwa Baba Mado, bwana wangu uliyenitangulia,

Mimi ninasema, mutoto wetu Mado anaandika. Nimemukataza kunyoosha maneno yangu. Masomo sikupata, na weye ulijua hivyo ukanioa.

Unakumbuka maombi yako kabla ya kula? Ulikuwa unaanza na Adamu, unapita kwa bajomba zako bote, unaombea hata gari-moshi ya Sakania kwa sababu ulifanya kazi ya reli. Bukari ya bunga ya muhindi inapoa, batoto banasinzia. Nakuambia, "Baba Mado, Mungu yeye hali bukari. Sema amina." Unafungua jicho moja: "Mwanamuke, unamufukuza Roho Mutakatifu." Tulicheka mpaka mboga ya sombe ikamwagika.

Ulipokufa, bantu ba kilio balirudi kwao, mimi nikabaki ndani tu. Kanisani sikwenda. Bamama bakigonga mulango nilibaambia Mungu anajua nyumba yangu, akinitaka atanikuta. Ombi langu lilikuwa moja: Bwana, nichukue, nimufuate bwana yangu. Mado akilia, niliona analia bure.

Kisha bibi ya ndoa ya Kalonji, jirani yetu, akakufa. Unajua desturi yetu hapa mutaa yetu, komini ya Kenya: muntu akifiwa, bamama ba kanisa njo banapika, chungu kikubwa, pale inje. Niliangalia kwa dirisha, sikuwa na nia ya kutoka. Lakini nikaona basichana banamwaga bunga yote mara moja mu maji ya moto. Yote. Hakuna hata mumoja aliyeanza na uji. Bukari ikawa mabonge kama mawe ya barabara. Na Kalonji hakuwa amekula tangu jana yake.

Nikatoka nimejifunga kikwembe changu cha kulalia.

"Mama Mado," mumoja akasema, "tulifikiri na weye ulishakufa."

"Bado. Hii mupatie bata. Teleka maji ingine."

Nikashika mwiko, nikasonga kwa mikono yote miwili. Bamama bakaanzisha wimbo, sauti yangu ikatoka yenyewe, kama ya kuku mugonjwa. Nikajikuta naomba, na haikuwa ile ya "nichukue". Nilisema, "Bwana, mupe Kalonji nguvu ya kumeza." Kalonji akala. Alikula analia, kisha akauliza kama samaki iko. Hapo nikajua Mungu hakuwa amenyamaza. Mimi njo nilikuwa nashikilia kuomba kifo, na yeye alikuwa na kazi mukononi ananingojea nigeuke.

Sasa nafundisha basichana bale kusonga na kuomba, na ninabagombeza kwa yote mawili. Siku ya Alhamisi tunatembelea bajane. Mujane akiniambia "niache", nakaa chini, navua viatu. Bajukulu bako banasema nimeanza tena kugombana na kila muntu. Ni kweli. Nimepona.

Usifikiri nimekusahau. Kitanda iko kipana mno, na hakuna muntu wa kunibishia. Lakini asubuhi nikifungua macho, najua naamukia nini.

Basi pumuzika kwa Bwana, na usinitayarishie kiti haraka. Nimemuambia Mungu aweke pembeni lile ombi la zamani. Nitakuja, lakini leo bajane ba barabara ya nyuma bananingojea, na maji yameanza kuchemuka.

Bibi yako wa ndoa,
Mama Mado