Jimbo Jipya na Meza ya Mama Kahindo

Jumatatu, tarehe 7 Septemba

Siku ya soko. Mvua tangu asubuhi, maharagwe yamelowa upande mmoja wa bashi, turubai letu. Sombe, majani yetu ya muhogo, imeisha mapema. Wamama wawili wamegombania nafasi, nikaamua mimi. Ndiyo kazi ya presidente wa wamama wa soko la Mpofi, hapa Walikale: kuamua, kisha kununiwa na wote wawili.

Mama Kahindo, jirani yangu wa meza, amecheka sana. Anauza chumvi, sabuni na vitenge vya Butembo, mji wa kwao. Mume wangu alipokufa, yeye ndiye aliyenikatia nusu ya meza yake nianze kuuza.

Alhamisi kuna mkutano wa kudai jimbo jipya, letu wenyewe. Nitakwenda. Mbao zetu na mawe yetu ya madini vinapita hapa kwenda Goma, kwa wakubwa wa jimbo la sasa, sisi tunabaki na matope. Tujitawale wenyewe. Niko upande huo kabisa.

Alhamisi, tarehe 10 Septemba

Mkutano kwenye uwanja wa parokia. Bwana mmoja kutoka Kinshasa, koti, viatu vimejaa udongo. Amesema nchi hii ni kubwa mno kutawaliwa kutoka mahali pamoja. Kila jimbo liwe na serikali yake, sheria zake, kodi yake. Kweli tupu.

Wamenipa mikro niseme. Nimesema juu ya yule binti aliyefia njiani na mimba yake, moto, pikipiki iliyombeba, imekwama kwenye matope, hospitali iko mbele tu. Watu wamepiga makofi. Shemeji yangu Mateso, mdogo wa marehemu mume wangu, ndiye mkubwa wa komite ya jimbo jipya. Amesimama kunipigia makofi. Nimechaguliwa delege, mjumbe wa wamama. Nimerudi nyumbani nikiimba.

Jumamosi, tarehe 12 Septemba

Nina hasira.

Mateso amekuja. Nimempa kiti, nimempa chai. Amesema komite imeamua: jimbo likizaliwa lazima wenyewe wajulikane. Meza za soko ni za watoto wa hapa. Wa Butembo, wa Masisi, wa wapi sijui, warudi kwao. Mimi nitangaze kesho baada ya misa, kwa sababu wamama wananisikiliza.

Nikamwuliza: "Na Mama Kahindo?"

"Yeye wa kwanza. Meza yake iko ya bibi yangu sasa."

Nimfukuze ili mkewe apate meza! Nikakataa. Hapo akaweka kikombe chini, akaniangalia kama mtu wa njiani.

"Mama Neema, hata weye hauko wa hapa. Ulitoka Kirolirwe, kule Masisi. Tunakuficha tu juu ya kaka yangu."

Kunificha! Nimezaa watoto wanne katika kijiji hiki. Mume wangu amezikwa hapa. Mateso mwenyewe, nilipoolewa, nilikuwa namfulia nguo za shule.

Jumapili, tarehe 13 Septemba

Sikutangaza. Ametangaza mwingine.

Saa ya jioni meza ya Mama Kahindo ilikuwa imepigwa msalaba wa chokaa. Aliusugua kwa sabuni yake mwenyewe, sabuni ya kuuza. Nilimsaidia. Afadhali angelia.

Jumatano, tarehe 16 Septemba

Niko Kirolirwe kwa kaka yangu Bahati. Nimepanda moto kutwa nzima, mgongo umekufa. Hapa majani ni mabichi, ng'ombe wananenepa kana kwamba hakuna linalosumbua dunia.

Nilikuja kuomba kipande cha shamba la baba, ikiwa nitafukuzwa. Bahati amesikiliza, ameangalia chini. Kumbe Masisi nao wana komite. Wao pia wanataka jimbo lao, na wenyewe wajulikane.

"Dada, weye sawa. Lakini batoto yako iko ba Walikale. Bakikuja hapa, bataniuliza mimi."

Sikumkasirikia. Ameogopa, nimeona. Nimekasirikia wale wanaokaa mezani na ramani, wanapitisha kalamu katikati ya tumbo langu. Upande huu mama, upande ule watoto.

Jumanne, tarehe 22 Septemba

Walikale mjini, mkutano mkubwa wa madelege. Mlangoni wameniambia nimeondolewa. Nimeingia. Kijana wa mlango alinishika kitenge, nikamwambia aniachie ao nipige kelele. Ameniachia.

Bwana wa Kinshasa alipouliza kama wamama wanakubali, nikasimama kabla ya yule waliyemweka badala yangu.

"Papa, mimi njo niliongea Mpofi juu ya barabara. Tuliomba barabara. Hamukutuambia jimbo itakuwa na mulango, na Mateso njo atashika ufunguo. Goma ilitunyima, tukalia. Sasa sisi tunanyima nani? Mama Kahindo alikula mbao ya nani?"

Watu wengine walisema "Aksanti, mama." Wengine walizomea. Mateso alipiga kelele kwamba nimetumwa na watu wa Masisi. Bwana yule akatabasamu, akasema mambo madogo ya soko yatashughulikiwa baadaye. Madogo! Mikro ikazimwa. Azimio likapitishwa kwa makofi, na wamama wameandikwa humo kwamba wamekubali.

Sijui kama jimbo hilo litakuja. Kinshasa huahidi. Lakini kufukuzana hakukungoja sheria, kumeanza tayari.

Na bado nataka kujitawala. Hilo ndilo linaloniuma zaidi. Wamechukua jambo zuri, jambo langu, wamelitia uchafu.

Ijumaa, tarehe 25 Septemba

Mama Kahindo ameondoka. Nimemwambia abaki, nitasimama naye. Amejibu ana wajukuu, hataki kuamka na moto juu ya nyumba. Lori la mjomba wake limepakia kila kitu. Ameniachia katoni ya chumvi na kunishika kichwa kwa mikono miwili, kama mtoto.

Mpaka lori linapotea Mateso alikuwa amesimama barabarani na vijana wake. Nilimtukana mbele ya watu. Sijuti.

Jumatatu, tarehe 28 Septemba

Siku ya soko. Jua. Muhogo mwingi, wanunuzi wachache.

Hakuna aliyenivua kazi ya presidente, wala hakuna aliyeniita hivyo.

Bibi ya Mateso alifika na beseni yake ya ndizi. Alisimama kitambo mbele ya meza ya Mama Kahindo aliyopewa, soko zima likimwangalia. Kisha akatandika gunia chini, kando yangu, akapanga ndizi zake juu ya udongo. Nilisogeza maharagwe kidogo apate nafasi.

Mateso alipita saa sita. Aliona meza tupu, akamwona bibi yake chini. Akaendelea na njia yake.

Tumeuza mpaka jioni.