Kiti cha Upande wa Kushoto

Bedworth,
Jumatano jioni

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, umeketi hapo dirishani pako ukiwalaumu shakwe kwa kila kinachoharibika Mablethorpe. Nyonga inasemaje? Mama mdogo Doreen ameniambia kwamba ulimrudishia daktari fimbo yake kwa sababu rangi haiendi na koti lako. Mimi sijambo. Watoto bado wananisumbua kwenye jiko la shule ninapopika, wakitaka kastadi ile tamu ya maziwa mara ya pili, na Bwana Tranter wa jirani anakusalimu sana. Bado anasema hajawahi kutukanwa vizuri kama ulivyomtukana wewe siku ile alipokanyaga maua yako.

Ungeweza kuyapata haya kwa simu, lakini najua simu huipendi. Unasema ukishaikata, maneno nayo yamekwenda. Basi weka chai karibu, vaa miwani, usome taratibu. Na usirukie mwisho, Mama. Nakujua.

Habari yenyewe ni ya lile gari. Usikunje uso kwanza. Nakumbuka siku yale makreti yaliposhushwa mbele ya gereji yangu, nikakupigia kukueleza kuwa nimenunua gari la vipande na nitaliunga mwenyewe. Ukaniuliza, "Kwani wanaume wameisha Bedworth mpaka uolewe na mabomba?" Bwana Tranter alikuwa amesimama karibu, akasikia, na mpaka leo akinikuta nimelala chini ya gari huniuliza bwana harusi ameamkaje.

Sasa, gari la namna hii ukishaliunga hulipeleki barabarani hivi hivi. Lazima mkaguzi wa serikali alipekue kuanzia taa hadi nati ya mwisho, aseme limefaa, ndipo uombe namba, na namba nazo huja kwa kujivuta. Mwezi wa pili nililipeleka likaanguka mtihani. Mkaguzi, Bwana Pargeter, mtu mrefu asiyecheka, aliliendesha kwa kuzunguka uwanjani, akauachia usukani ili urudi wenyewe katikati kama sheria inavyotaka. Haukurudi. Gari likaendelea kuzunguka tu, yeye ndani amekunja mikono, mimi pembeni nimeshika kichwa. Nilirudi nyumbani nikalia nimeinamia sinki la vyombo, nakuambia ukweli.

Nililia kwa sababu nilikuwa na tarehe yangu. Kuna mtu mmoja ambaye nilikuwa nimeapa moyoni kwamba nitampakia kwenye gari hilo siku maalumu ya mwezi huu wa sita, naye hakuwa akijua lolote. Likianguka mara ya pili, foleni ya ukaguzi na ya namba ingetuvusha siku hiyo, na mtu mwenyewe si wa kuambiwa subiri mwakani.

Basi tukaanza upya. Bwana Tranter ameendesha basi la shule maisha yake yote, na anaamini hakuna ugonjwa wa gari usiotibika kwa upepo wa matairi. Akajaza upepo, mimi nikarekebisha mlalo wa magurudumu ya mbele, tukatoka kujaribu kwenye uwanja wa mkulima mmoja, tukarudi, nikarekebisha tena. Tulibishana mpaka mkewe akatuletea chai kila mtu pembe yake. Siku usukani uliporudi wenyewe katikati, taratibu, bila kuguswa, Bwana Tranter alivua kofia.

Kulikuwa na kazi nyingine. Katika gari hizi, adui mkubwa ni ncha kali. Mkaguzi ana tufe lake gumu, hulipitisha kila mahali, na popote linapogusa pasiwe na kitu cha kumchana mtu. Ndiyo maana sisi waunga-magari, wiki ya ukaguzi ikifika, hulivisha gari mpira kila ukingo, na kila nati tunaivika kofia ya plastiki, mpaka gari linafanana na mtoto aliyevalishwa masweta manne na bibi yake. Chama chetu kina hata vioo viwili vya pembeni vya kuazimana, vinene na vibaya kwa sura, ambavyo vimefaulu mtihani mara nyingi kuliko mtu yeyote katika mkoa huu. Unavifunga, unafaulu, unavirudisha na keki. Kisha kesho yake unavua mpira wote na kofia zote, gari linapumua. Kila mtu anajua, wakaguzi wanajua, hakuna anayesema.

Mimi kwa woga wangu nilizidisha. Palipostahili kipande kimoja nilibandika viwili, kwa gundi ile isiyosamehe. Mwezi wa nne tukaenda mara ya pili, alfajiri na mapema, maana siku ya ukaguzi sheria inaruhusu liendeshwe bila namba, Bwana Tranter akinifuata nyuma kwa gari lake kana kwamba nampeleka bibi harusi kanisani.

Bwana Pargeter akaanza. Taa sawa. Honi sawa. Breki sawa. Bomba la moshi alilipima sauti, likasema kwa adabu kuliko lilivyowahi kusema gereji. Kisha akainama mbele na tochi, akatazama fremu, akahamia upande wa pili, akarudi. Akaniuliza namba ya fremu iko wapi. Mama, ile namba iliyogongwa kwenye chuma ndiyo inayolitambulisha gari. Bila hiyo, mbele ya sheria, gari halijazaliwa. Nikaenda kuonyesha kwa kidole, na kidole kikatua juu ya mpira. Nilikuwa nimebandika mpira juu ya namba.

Bwana Tranter aligeukia ukuta, mabega yakimtikisika kwa kicheko. Mkaguzi akanieleza kwa upole kwamba hawezi kukagua gari asilolijua ni lipi, na kwamba anakwenda kunywa chai yake, na chai yake haichukui muda mrefu. Nilichokuwa nacho ni kisu cha kukatia pai ya nguruwe tuliyobeba. Nikapiga magoti kwenye sakafu ile nikabandua, kisu kikishindwa natumia kucha, mpaka kucha mbili zikaondoka na mpira. Namba ikatoka tarakimu moja moja. Aliporudi alipapasa ukingo kwa dole gumba, na hapo ndipo palipokuwa na hatari, kwa maana sasa chuma kilikuwa kitupu. Lakini nilikuwa nimekipiga tupa wakati wa baridi, kabla hata ya kufikiria mpira, na kilikuwa laini kama ukingo wa kikombe. Akaandika namba. Akaenda nalo uwanjani, akazunguka, akaachia usukani, nao ukarudi nyumbani kama ng'ombe ajuaye zizi lake.

Vikabaki viti tu. Alivuta mikanda, akasukuma migongo ya viti, kisha mkono wake ukasimama kwenye kiti cha kushoto, cha abiria. Akapitisha kidole kwenye mishono, kona kwa kona. Ilikuwa mara ya kwanza siku ile kumwona akikawia mahali bila kutafuta kosa. Akaniuliza nani ameshona. Nikamwambia ni mama yangu, yuko Mablethorpe. Akauliza kama mama aliwahi kufanya kazi kiwandani. Nikamwambia alishona viti vya magari ya michezo kule Coventry tangu ujana wake mpaka lango lilipofungwa.

Akasema, "Nilijua. Mwambie mkaguzi ametafuta kosa kwenye kiti chake, akakosa."

Basi nimekufikishia. Ndiyo, Mama. Kile kifuniko chekundu ulichonishonea mwezi wa kwanza, nikikudanganya kuwa ni cha kiti cha kanisa, hakipo kwenye ukumbi wa kanisa. Hakijawahi kufika kanisani, na mchungaji hajui chochote, kwa hiyo usimwandikie. Gari limefaulu. Tulipoondoka pale Bwana Tranter alipiga honi mpaka mjini, na tukala ile pai kwa kisu kile kile.

Sasa sikiliza lililobaki. Nilipokuletea kile kipande kigumu cha njano upime kitambaa, ulikigeuza geuza ukaniuliza ni nani aliyekaa hapa, kwa maana kakaa kama gunia la viazi lililoegemea ukuta, upande mmoja juu, upande mmoja chini, na nimwambie akamwone daktari wa nyonga. Nilitoka nje nikacheka mpaka Mama mdogo akanifuata kuuliza kama naumwa.

Unakumbuka Krismasi nilipokukalisha kwenye ule mfuko mweusi, nikakuambia ni tiba mpya ya mgongo? Ulilalamika kwamba unahisi kama umekalia uji wa moto, ukataka kuinuka, nikakushika mabega mpaka mfuko ulipoganda. Lile lilikuwa povu, Mama. Ndivyo tunavyotengeneza viti: mtu hulikalia likiwa laini, likikauka limechukua umbo lake, na halimfai mtu mwingine duniani. Mtu wangu wa mwezi wa sita ni wewe. Gunia la viazi ni wewe. Ulikishona kiti chako mwenyewe, na juu ya hayo ukakitukana.

Nilikuwa mdogo, lakini sijasahau siku kiwanda kilipofungwa. Msimamizi alitoa gari moja langoni ili kila mfanyakazi azungushwe mara moja kwa kuagana. Wakaanza wanaume wa injini, wakaja wa rangi, wakaja wa ofisini, na ilipofika zamu yenu wanawake wa cherehani, petroli ikaisha. Ulirudi nyumbani ukavua koti, ukasema, "Nimevishona viti maisha yangu yote, sijakalia hata kimoja kikitembea." Kisha ukamenya viazi. Hukulisema tena, na mimi nimekuwa nikilisikia mpaka leo. Nimeliunga gari hili kwa ajili ya sentensi hiyo.

Kibao cha namba kimefika leo asubuhi. Jumapili, siku yako ya kuzaliwa, saa nne kamili, toka nje na skafu ya kufunga kichwani, maana halina paa. Mpira na kofia nimevua kote isipokuwa upande wa kushoto, kwa ajili ya viwiko vyako. Kwa kuingia usijali, nimeondoa kilango cha upande wako na Bwana Tranter ametengeneza kijingazi. Tutafuata njia ya baharini hadi utakapochoka wewe, si gari.

Nisalimie Mama mdogo Doreen, mwambie yeye zamu yake ni Jumatatu, na akitaka awahi kujichagulia mfuko wake mweusi. Wasalimie majirani, na shakwe pia. Nakupenda sana, na nina furaha ambayo sijui niiweke wapi.

Halafu, Mama, tangi nimelijaza mimi mwenyewe leo jioni. Limejaa hadi mdomoni.

Binti yako akupendaye,
Lorna