Mwaliko wa Harusi kwa Tarehe za Warumi wa Kale

Mpendwa Bi Leonilde, mshauri wetu wa gazetini, nakusalimu wewe na wote wa nyumbani kwako. Sisi huku Roma, mtaa wa Garbatella, tupo. Mama mkwe wangu, Bibi Elide, hajambo ila miguu, yuko dirishani anamenya maharage na anakusalimu. Binti yangu Fiorella mzima, ingawa hali chakula vizuri kwa sababu ya gauni la harusi. Sandro mchumba wake mzima. Mwanangu Ennio mzima wa mwili ila kanuna, na ndiye aliyenifanya nishike kalamu, naomba unisaidie.

Ennio anatengeneza lifti, lakini jioni ametunga programu ya kompyuta inayopanga kalenda za kuchapisha, zenye tarehe za Warumi wa kale, ambazo hazihesabu kwenda mbele kama zetu, zinasema zimebaki siku ngapi kufika Kalende, yaani tarehe mosi, na sikukuu zao zote zimo, nzuri mpaka kinyozi kaitundika na wale wanaovaa kama askari wa kale siku ya kuadhimisha kuzaliwa kwa mji wa Roma hawataki nyingine, nami nikipita buchani nikaiona ukutani natembea kama malkia.

Sasa Fiorella anaolewa Jumamosi tarehe ishirini na nne Septemba na kaka yake akamchapishia mialiko, ukurasa wa Septemba wenye siku ya harusi kwa rangi nyekundu, imeandikwa "siku ya nane kabla ya Kalende za Oktoba". Namba zetu za kawaida programu inazo lakini kazitoa, anasema zinachafua ukurasa. Basi dada zake Bi Donatella, mama yake Sandro, wa kule Frosinone, wakahesabu nane kurudi nyuma wakapata Ijumaa, wakakodi basi la Ijumaa, na Bi Donatella Jumapili mezani kwangu akamwambia mbele ya watu, "Kijana, rudi kwenye lifti zako, huko angalau ghorofa zimeandikwa namba." Ennio akaacha sahani ya tambi za rigatoni imejaa. Sasa kasema hatamshika dada yake mkono kumpeleka altareni mpaka aombwe radhi, na baba yao Nazzareno ni marehemu, na mimi shule niliiacha mapema nikaenda kufua mashuka ya hoteli, sijui hata kama mwanangu kakosea. Kama kakosea nitamwambiaje? Mwaliko nimeutia humu. Tafadhali nijibu upesi, wiki hii hii, Fiorella analia.

Wako, Iolanda

JIBU

Bi Iolanda, mwanao hakukosea. Nimeuhesabu mwaliko mara mbili, ni Jumamosi. Ukimwambia muuza samaki siku ya Jumatano "tuonane leo kwa nane", kama tusemavyo huku Italia, unamrudia Jumatano ijayo, si Alhamisi, kwa sababu leo yenyewe umeihesabu. Warumi wa kale walihesabu hivyo hivyo: Kalende ni ya kwanza, siku iliyotangulia ni ya pili, mpaka ufike ya nane. Bi Donatella naye husema "leo kwa nane" maisha yake yote, ila hakufikiria kuihesabu kalenda hivyo.

Na ukurasa wenyewe, mama, ni mzuri. Nimeuweka mezani kwangu na sikurudishii. Aliyekaa jioni zake mpaka kila siku ya mwaka ikapata jina lake la kale ana haki ya kujivuna.

Lakini mwambie hivi kutoka kwangu: Ennio, mwaliko kazi yake ni kumfikisha mgeni. Wazee wale wa kale wangefika. Dada zake Bi Donatella wa Frosinone hawafiki. Rudisha namba za kawaida, ndogo, chini ya zile za kale, uchapishe upya kesho.

Wewe nawe acha kubeba hasira za watu wazima kutoka nyumba hii kwenda ile. Hakuna wa kuombwa radhi kabla ya harusi, hakuna muda. Piga simu Frosinone leo, wewe mwenyewe, useme Jumamosi, wabadilishe basi. Kisha mweleze Bi Donatella habari ya "leo kwa nane" kwa upole, mkiwa wawili tu.

Na Ennio akiendelea kununa, usimbembeleze. Vaa viatu visivyokubana, mshike Fiorella mkono, umpeleke altareni mwenyewe.